Kauri za Kichwa cha Awero

Ndugu waombolezaji, kabla sijaanza historia yenyewe nataka majina ya waliokuwepo asubuhi ile yajulikane, kwa sababu mengi yamekwisha kusemwa sokoni na watu ambao hawakuwepo. Siku ilikuwa Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2019, mahali ni chumba cha mbele cha nyumba hii, hapa Inisa, na shughuli ilikuwa kukilisha kichwa changu.

Alikuwepo Baba Fakunle Awolere, mzee wa ramli ya Ifa, ambaye baba yake alituhudumia kabla yake. Alikuwepo Bolajoko Aduke, mshonaji wa ngozi, rika la marehemu tangu walipokuwa wasichana wa kuteka maji mto Otin. Alikuwepo Ibidun, mke wangu. Alikuwepo Jolaade, binti mkubwa wa marehemu, muuguzi mstaafu, aliyekuja kutoka Osogbo. Alikuwepo Oyedokun, mwana wa marehemu, ambaye ni mchungaji, na kwa kuwa kanisa lake halimruhusu kukaa penye njugu za kola za tambiko na damu ya kanga, alikaa kwenye kiti nje ya mlango, ametupa mgongo, ingawa masikio yake yalikuwa ndani pamoja nasi. Nilikuwepo mimi, Ojeniyi Akanji Ojelabi, mgonjwa, nimekaa kwenye mkeka, kichwa wazi, miguu mitupu. Na alikuwepo dada yangu, Osunbunmi Awero, mzima wa afya, ambaye ndiye aliyeileta kola.

Hao ndio waliokuwepo. Yeyote mwingine anayesimulia kwamba aliona, hakuona.

Marehemu Osunbunmi Awero alizaliwa hapa Inisa mwezi Juni 1936, mtoto wa kwanza wa Ojelabi Arogundade, mkulima wa viazi vikuu na baadaye kakao, na mkewe Omileye, ambaye alimwomba mtoto huyo kwa Osun, mungu wa kike wa mto, kwa muda mrefu, na alipompata akampa jina la kusema kwamba ni Osun aliyempa. Jina la Awero alipewa na bibi yetu mzaa baba siku ya kwanza alipomwogesha. Nasisitiza majina haya mawili kwa sababu kadi ya kliniki iliandikwa Owero, na kwenye bango lililobandikwa jana langoni ameandikwa Awelo, na yote mawili si yeye.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma mwaka mmoja tu, 1947, katika shule ya misheni ya Okuku, kisha baba yetu akasema uwezo wake ni wa mtoto mmoja, na mtoto huyo nikawa mimi. Kwa miaka iliyofuata alinisindikiza shuleni akinibebea kibao, akasimama nje ya dirisha mpaka mwalimu amfukuze, na kwa njia hiyo alijifunza hesabu kuliko mimi niliyekaa ndani. Mwalimu aliponiandika Josaya kwenye daftari la mahudhurio, kwa kuwa Ojeniyi lilikuwa jina la kipagani, nilinyamaza, lakini dada yangu aliingiza kichwa dirishani akasema, "Mwalimu, huyo unayemwita hayupo humu. Humu yupo Akanji." Alichapwa kiboko yeye, na mimi nikabaki Josaya mpaka darasa la sita.

Mwaka 1954 mama yetu aliona tumekua, akatuchukua sote wawili kwa mama yake Bolajoko Aduke, naye mshonaji wa ngozi, ili tushonewe nyumba za vichwa vyetu. Kwa faida ya wageni wa kanisa la Oyedokun walioketi upande wa kulia, nitaeleza kidogo. Kichwa hiki ninachokivalia kofia ni ganda, na ndani yake kuna kichwa kingine, ambacho mtu alikichagua mwenyewe kabla ya kuja duniani, na safari yake yote imo humo. Hicho hujengewa nyumba ya ngozi, mfano wa taji, imeshonwa simbi za kauri kuanzia chini hadi juu, nacho huwekwa chumbani mahali pa heshima na kulishwa kila mwaka kwa maji baridi, kola, nazi, samaki, na ikibidi kanga. Hakuna anayerithi kichwa cha mwenzake. Kwa hiyo mwenye kichwa akifa, nyumba hiyo huvunjwa siku ya maziko, kauri hufumuliwa na kumwagwa kaburini, na mmoja wa jamaa huweka mkono juu yake kwanza na kukiambia kichwa habari. Hukiambia kwa neno kavu. Kichwa hakiambiwi kwamba mtu amelala, wala ametutoka, wala ameitwa. Hutajwa jina, na kusemwa kwamba amekufa, na baada ya hapo hakuna maneno.

Kauri za nyumba zetu mbili zilitoka katika mfuko mmoja wa bibi, zikagawanywa mbele yetu. Nakumbuka Awero alilalamika kwamba zangu zinang'aa zaidi, na mama akamjibu, "Zing'arishe zako kwa kazi."

Marehemu aliolewa tarehe 14 Aprili 1956 na Adigun Oyeleke, fundi wa reli katika kituo cha Okuku, mtu mpole, wakajaliwa watoto watatu, Jolaade aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1957, Oyeronke aliyezaliwa mwaka 1960 na kufariki mwezi Agosti 1971, na Oyedokun aliyezaliwa mwaka 1964. Mume wake alifariki mwaka 1983. Kazi yake ilikuwa biashara ya kola katika soko la Okuku, tangu mwaka 1958 hadi wiki iliyopita, na kila mzee wa Ifa kutoka hapa mpaka Ikirun alinunua kwake, kwa sababu kola aliyosema ina vipande vinne ilikuwa na vipande vinne, na iliyokuwa imeguswa na mdudu alimlisha mbuzi. Mteja akimwomba bei ya chini alimwuliza, "Kichwa chako unakidai punguzo na wewe?" Alicheka peke yake kwa utani wake, na mteja alilipa.

Mimi niliondoka nyumbani Februari 1957, Gold Coast ikiwa imebakiza wiki chache kuitwa Ghana, nikaenda Kumasi kumwandikia hesabu mjomba wetu aliyeuza vitambaa. Nyumba ya kichwa changu niliiacha kwa mama, kama ilivyo desturi kwa msafiri, na kila mwaka mama na Awero walikilisha kwa niaba yangu. Mwisho wa mwaka 1969 serikali ya kule ikatutaka wageni tuondoke. Wengi mliopo mnazikumbuka siku zile, au mlizaliwa njiani siku zile. Lori nililopanda lilipinduka kabla ya mpaka wa Togo, nikavunjika mguu mara mbili, nikachukuliwa na watu wema hadi zahanati ya watawa, na sanduku langu likaendelea na safari bila mimi. Mtu wa mji wetu alilifikisha kwa mama, akasema alimwona mwenye nalo amefunikwa shuka kando ya barabara. Aliona mtu, ni kweli, na shuka ilikuwepo. Mtu huyo hakuwa mimi.

Januari 1970 mama yetu aliivunja nyumba ya kichwa changu. Kaburi halikuwepo, kwa hiyo kauri zilimwagwa mto Otin. Awero alikataa kuhudhuria. Alisimama uani, akapaza sauti watu wote wa boma wasikie, "Mama, mtu hajaonekana, hata ukucha wake haujaonekana, nawe unaivunjia nyumba? Akirudi atalala wapi?"

Mama alimjibu, "Awero, usinichome kidonda. Sanduku limerudi peke yake."

"Sanduku halina kichwa," Awero akasema, akaondoka kwenda Okuku kwa mumewe.

Mama aliweka mkono juu ya nyumba ile na kusema, "Akanji amekufa." Nilikuwa nimelala zahanati siku hiyo, mguu umefungwa mbao, nakula uji.

Nilirudi Inisa tarehe 3 Oktoba 1970, kwa magongo. Mama alianguka mlangoni. Alipozinduka jambo la kwanza alilosema si jina langu, alisema, "Nimekiambia. Nimekwisha kukiambia." Baba yake Fakunle aliitwa jioni ile ile, akachunguza, akasema jambo hili halijawahi kumfikia mikononi, kwamba kichwa kilichoambiwa mwenyewe amekufa hakiwezi kuendelea kuishi hewani, lazima kiambiwe upya kwamba yu hai, na kijengewe nyumba kwa kauri zake zile zile, maana kauri ngeni hazitakijua, na mwenyewe asipojengewa asitegemee kuuona mwaka mwingine. Mama aliuliza atazipata wapi, nazo zilikwenda na maji. Kwa siku kadhaa baada ya hapo nilitazamwa nyumbani kwetu kama mtu aliyekuja kuaga.

Ndipo Awero alipokuja kutoka Okuku, amefunga kitu katika kitambaa, akakiweka mapajani mwa mama, akasema, "Hizi hapa. Nilizifuata mtoni siku ile ile, maji ya Januari yalikuwa magotini. Mlidhani nitaziacha ziliwe na samaki?" Mama alifungua, akaona kauri za mfuko wa bibi, alizijua, akalia. Bolajoko Aduke akazishona. Nikawekwa mkekani, nikalishwa, na vipande vya kola vilipotupwa vikakubali mara ya kwanza. Mimi niliyeandikiwa kutouona mwaka 1971 nimeiona miaka yote tangu hapo, nimeoa, nimezaa, nimekuwa karani mkuu wa halmashauri, na nimestaafu kwa heshima.

Kuhusu tabia ya marehemu, alikuwa mtu wa maneno mengi hadharani na siri moja chumbani. Kila mwaka, siku ya kukilisha kichwa chake, alifunga mlango, akafanya peke yake, akatoka na alama ya maji kwenye paji la uso. Jolaade aliwahi kumwuliza kwa nini hamwiti Baba Fakunle kama watu wote, naye akajibu, "Kichwa changu kina aibu. Hakipendi wageni." Sote tulicheka. Tulisema Awero ana mambo yake.

Sasa nifike kwenye ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa wangu. Mwezi Agosti mwaka huu miguu yangu ilianza kuvimba na pumzi kunipungukia, madaktari wa Osogbo walinitibu kwa uangalifu wote na kunieleza bila kunificha kwamba moyo wangu umechoka. Watoto wangu walikwisha kuulizana bei ya jeneza, nami niliwasikia. Marehemu hakuwa na ugonjwa wowote. Ijumaa tarehe 11 alitembea kutoka sokoni na kapu kichwani, akanikuta nimeegemea mto, akasema, "Wewe, umejitandika hapa kama nguo ya kuuza. Kesho tunakilisha kichwa chako, kiambie kijiandae kula."

Asubuhi ya Jumamosi Baba Fakunle aliigusisha kola paji la uso wangu, kisogo changu na vidole vya miguu, akanyunyiza maji, akakitaja kichwa changu kwa majina yake, akaipasua vipande vyake vinne na kuvitupa kwenye sahani. Vyote vinne vililala kifudifudi. Kichwa kilikuwa kimekataa. Ibidun alishika mdomo. Awero akasema, "Kina kiburi tangu utotoni, Baba. Kiongezee nazi." Kikaongezewa nazi. Vipande vikatupwa tena, vikalala kifudifudi tena. Nikasikia kiti cha Oyedokun kikisogea nje.

Baba Fakunle alisema taratibu, "Kuna mtu kinamdai. Si chakula kinachodai."

Awero hakutania safari hii. Alichukua kola nyingine katika kapu lake, akaigeuza mkononi muda mrefu, kisha akaifuata nyumba ya kichwa changu pale ilipokuwa, akapiga magoti, akasema nayo kwa sauti ya chini. Mimi sikusikia. Bolajoko Aduke, aliyekaa karibu, alisikia. Akampa Baba Fakunle ile kola. Ilipotupwa vipande viwili vilitazama juu na viwili chini, jibu zuri kuliko yote, na sote tukapiga kelele, na Jolaade akanikumbatia, na Oyedokun mwenyewe akasema "Asante Yesu" mlangoni, na mama yake akamjibu, "Mshukuru na mjomba wako, naye kajitahidi." Kisha Awero alikunywa maji yaliyobaki kwenye kibuyu, akakaa kwenye benchi, akaegemeza kichwa ukutani. Tulikuwa tunagawana nazi. Jolaade alimpelekea kipande chake, akamwita, akamwita tena, akashika mkono wake kama muuguzi anavyoshika.

Akasema, "Mjomba, hapana. Mjomba, hapana."

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Daktari aliyekuja kutoka Okuku alisema ni moyo, na kwamba katika umri wa miaka themanini na mitatu moyo unaweza kusimama bila kubisha hodi. Naheshimu maneno yake. Lakini sote tulikuwa tumekuja kwa ajili ya mtu mwingine, na hata leo nikisoma karatasi hii mbele yenu sijazoea kwamba mwenye kusoma ni mimi. Marehemu ndiye aliyekuwa ameandaa historia yangu. Aliniambia mwezi Septemba kwamba ameipanga yote kichwani na hatasahau habari ya Josaya.

Jambo lililofuata limesemwa vibaya sana mjini, kwa hiyo nalisoma kama lilivyokuwa. Jumatatu tuliingia chumbani kwa marehemu kuichukua nyumba ya kichwa chake, ili ivunjwe leo kama desturi inavyotaka. Ilikuwa mahali pake, kando ya chungu cha Osun, imefunikwa kitambaa cheupe kilichofuliwa. Jolaade alikivua. Chini yake kulikuwa na ngozi tupu. Taji lilikuwepo, matundu ya sindano yalikuwepo safu kwa safu, kauri hata moja haikuwepo.

Jolaade alipiga ukelele, "Mama kaibiwa! Kuna mtu kaingia humu akamvua mama yangu!" Akanitazama, akamtazama Oyedokun aliyesimama mlangoni, akamgeukia msichana anayefagia, mpaka msichana akaanza kulia.

Bolajoko Aduke alikuwa amekaa kizingitini kwa sababu ya magoti yake. Akasema, "Mwache mtoto wa watu. Hakuna aliyeibiwa."

"Mama Aduke, zimekwenda wapi?"

"Zipo chumba cha pili. Mjomba wako amezilalia miaka arobaini na tisa."

Naomba mniwie radhi, nitasoma maneno yake yalivyokuwa, maana nilimwomba ayarudie na Oyedokun akayaandika. Bolajoko Aduke alisema, "Mtoni hakwenda kuokota kitu. Alikwenda, ndiyo, na mimi nilikwenda naye, uliporudi wewe, Akanji, na magongo yako. Oktoba, Otin umejaa mpaka kwenye mianzi. Tulisimama pale kama mazuzu wawili. Akaniambia, Aduke, twende nyumbani, leta wembe. Akaifumua yake. Nikamwambia, wewe una wazimu, na kichwa chako je? Akasema, changu hakijaambiwa kuwa nimekufa, kitavumilia, kinanijua, kitakaa kwenye ngozi. Akasema, zimetoka mfuko mmoja na zake, nani atajua? Nikashona. Akaniapisha kwa chuma nisiseme akiwa hai. Sasa kafa, kiapo kimekwisha."

Nilimwuliza, "Na Jumamosi alisema nini pale alipopiga magoti?"

Akasema, "Alisema, kauri zangu, mimi ndiye Awero, msimkatae huyu kwa ajili yangu, mimi nipo, nawasikia."

Mimi sikujua mahali pa kuweka mikono yangu. Nikamkumbuka Oyeronke, binti yake, aliyekufa mwaka uliofuata tendo hilo, nikayazuia mawazo hayo, kwa sababu marehemu asingependa niyamalize, na ninawaomba nanyi msiyamalize.

Baba Fakunle alipoulizwa alieleza kilicho wazi, kwamba leo Awero anazikwa, kwamba kichwa chake lazima kiambiwe, na kauri zake ndizo zinazopaswa kumwagwa kaburini mwake, na kauri zake zimeshonwa kwenye nyumba yangu. Ikiwa hazitafumuliwa, dada yangu atakwenda bila kichwa chake. Zikifumuliwa, ni mimi mgonjwa, ninayepumua, nitakayevunjiwa nyumba ya kichwa mara ya pili nikiwa hai.

Ibidun mke wangu alisimama, akaniita kwa jina la mwanetu. "Baba Ropo, wewe umesikia alivyosema? Unataka kunifanya mjane wiki hii hii? Dada yako alikupa kwa hiari. Alichokupa mtu kwa hiari unamrudishia kaburini kwa sababu gani? Na utakaa wapi wewe?"

Jolaade naye, ambaye nilidhani atadai haki ya mama yake, alilia na kusema, "Mjomba, ziache. Mama asingekubali. Angekupiga kibuyu cha kichwa."

Oyedokun aliingia ndani. Ninaandika hilo kwa sababu alikuwa hajaingia chumba hicho tangu alipotawazwa. Alisema, "Mimi naamini hizo ni kauri tu, Mjomba, unajua. Lakini mama yangu hakuamini hivyo. Aliamini alichotoa ni maisha yake. Basi mimi nitasemaje kwamba ni kauri tu?" Akakaa sakafuni kando ya Bolajoko Aduke, ambaye alimwambia, "Mchungaji, vua basi na viatu." Akavivua.

Uamuzi uliachwa kwangu, kwa kuwa kichwa ni changu. Niliamua Jumatatu ile ile na sijabadilisha. Bolajoko Aduke, ambaye alizishona mwaka 1970, jana aliukata uzi wa safu ya chini kwa mkono wake, na nyumba yenyewe, na kauri zilizobaki, ipo hapa mbele yenu, kwenye kigoda, chini ya kitambaa cheupe cha marehemu. Kichwa changu kitakaa kwenye ngozi tupu. Chake kilikaa hivyo tangu mwaka 1970 na kilifanya biashara, kililea watoto, kilizika mume na mtoto, na kilipata nafasi ya kutania. Kama changu kinaweza kukaa hivyo mwezi mmoja, nitaona kimejitahidi. Ibidun hajaniambia neno tangu jana, na nampa pole, na namwomba baada ya maziko anipatie maji ya baridi kama kawaida.

Ukoo wa Ojelabi na ukoo wa Oyeleke tunatoa shukrani kwa daktari wa Okuku aliyefika upesi, kwa madaktari na wauguzi wa Osogbo ambao walijiandaa kwa ajili yangu na wakalazimika kuandika cheti cha mwingine, kwa wanawake wa soko la kola waliofunga vibanda vyao tangu Jumamosi na kuleta akara za kunde na uji kila asubuhi, kwa wastaafu wa reli, wenzake marehemu Adigun, waliochimba kaburi wenyewe ingawa mdogo wao ana miaka sabini, kwa waumini wa kanisa la Oyedokun waliokuja na viti vyao, kwa Baba Fakunle, na kwa majirani wote wa boma, ambao mmelala hapa bila kuulizwa. Bolajoko Aduke hatuna namna ya kumshukuru, tunamwachia Awero mwenyewe.

Dada yangu ameacha watoto wawili, wajukuu saba, vitukuu watatu, na mdogo mmoja. Pumzika, Dada. Leo hubebi cha mtu mwingine.

Hapa ndipo karatasi inapoishia. Baba Fakunle ananionyesha kwa mkono kwamba ni wakati. Namwomba Jolaade avue kitambaa, na Oyedokun anishike kiwiko ili nisimame, na ninyi wote mvue kofia na vilemba. Mkono wangu sasa uko juu ya nyumba hii, juu ya kauri hizi ambazo mwaka 1970, uongo ukiwa umesemwa juu yangu, zilikuja kunifunika. Nakiambia chenye kauri hizi, ambacho ni kichwa cha Osunbunmi Awero, binti wa Ojelabi Arogundade na Omileye, na nasema mara moja tu.

Awero amekufa.